Bidoni nane za kasiksi

Emérence Bulonza alikuja kupanga chumba katika parseli yangu, huku Kadutu juu, akiwa na godoro, bote za mvua na sanduku la madaftari. Nilimwuliza kama ana mume. Hana. Nilimwuliza kama anasali. Anasali, ila Jumapili nyingine kazi humzuia. Nikamwuliza ni kazi gani hiyo inayomzuia mtu kwenda misa.

"Niko nafuata magonjwa, Muzee."

"Kuyaponya?"

"Kuponya iko kazi ya ba-docteur. Miye nafuata tu. Imetoka wapi, imepita kwa nani, kesho itagonga kwa nani."

"Kama polisi."

"Polisi iko na bunduki," akasema. "Miye niko na bic."

Nikampa chumba.

Kwao ni Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi. Baba yake, Papa Ezéchiel, alimsomesha kwa magunia ya mpunga mpaka akawa muuguzi, kisha akasoma afya ya jamii hapa Bukavu. Kazi ya kwanza walimpeleka Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, katika kituo cha afya cha mbao kilichosimama juu ya mashimo. Kila Jumatatu alijaza fomu: kuhara wangapi, malaria wangapi, surua wangapi. Fomu ilipanda pikipiki ikaenda ofisini. Mwaka mmoja aliona katika daftari lake kwamba watoto tisa wa kwanza wa surua walitoka kambi moja ya wachimbaji. Akaliandika jambo hilo chini ya fomu kwa wino mwekundu. Hakuna aliyejibu. Wiki tatu baadaye surua ilikuwa kila mahali, na alikuwa amewafunika shuka watoto wanne.

Siku moja akapanda mwenyewe pikipiki mpaka ofisini. Alizikuta fomu zake zote katika boksi, zimefungwa vizuri kwa kamba. "Hawakuwa batu babaya, Muzee," aliniambia. "Bale balifundishwa kupokea fomu. Hakuna aliyewafundisha kuisoma."

Ndipo alipoomba mafunzo haya niliyokuwa nayasikia kila siku kupitia ukuta wa chumba chake. Ni ya miaka miwili, kwa vijana wa afya walioanza kazi juzijuzi. Robo ya muda huketi darasani Kinshasa, wakijifunza hesabu za magonjwa. Muda uliobaki huwa mtaani na vijijini, chini ya mkubwa wanayemwita encadreur. Wa kwake alikuwa Docteur Cyprien, mtu wa haraka, ambaye sauti yake katika simu niliifahamu kabla ya uso wake. Mwishoni kila mmoja lazima aonyeshe ugonjwa mmoja alioufuata kwa miguu yake mpaka kwenye mzizi.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Elimu yangu niliipata kwa mapadri, nikishona upya majalada ya vitabu vyao kwa miaka thelathini, na kila kitabu nilichokishona nilikisoma kwanza. Kwa hiyo sikufurahia kusikia kwamba kuna shule ya kuwafundisha watu kuuliza maswali. Sisi tulifundishwa kunyamaza. Ukinyamaza vya kutosha mbele ya mkubwa, jibu linakuja lenyewe. Leo mtoto wa miaka sita anamwuliza babu yake "juu ya nini?" na babu anajieleza kama mshitakiwa.

Lakini binti huyu nilimheshimu. Alirudi jioni akiwa na tope mpaka magotini, akaziosha bote zake mwenyewe, akazisimamisha ukutani kichwa chini ili zikauke. Alinisomea ripoti zake nami nikamsahihishia Kifaransa, maana vijana wa siku hizi wanaandika Kifaransa kama wanaokimbia mvua. Alinisikiliza bila kununa.

Mwaka wake wa pili, mwezi wa kumi na moja, alifariki rafiki yangu Gracien, fundi wa cherehani.

Kilio cha Gracien kilikaa siku tatu. Nimeona vilio vya zamani, wazee wameizunguka nyungu moja, mirija mirefu mikononi, kila mtu anajua zamu yake, na jina la marehemu halitajwi ovyo. Sasa kuna viti vya plastiki vya kukodi na spika inayopiga nyimbo mpaka marehemu mwenyewe angeomba utulivu. Jambo moja tu lilikuwa limebaki kama lilivyokuwa, nalo ni kasiksi ya Bintu.

Bintu ni mjane, jirani yangu wa upande wa chini. Ndizi zake zinatoka Nyangezi, na kasiksi yake, pombe ile ya ndizi ya kwetu Bushi, ni ya mkono wa mama yake. Alileta bidoni nane za lita ishirini. Akamimina kikombe cha kwanza, akakinywa mwenyewe mbele yetu mpaka chini, kama desturi inavyotaka: mwenye pombe huonja kwanza ili wageni wajue hakuna ubaya ndani. Kisha akatupa sisi wazee, halafu wengine. Mimi nilikunywa vikombe vitatu.

Na mimi nilileta maji. Robine za mtaa zilikuwa hazijatoa maji kwa siku ya sita. Nilitoa pipa langu la buluu, nikawatuma vijana walijaze kwenye chemchemi ya bondeni ambayo tangu ujana wangu haijawahi kukauka. Nilijisifu sana mbele ya watu. "Haya ni maji ya Mungu," nilisema. "Haina facture, haina kulipa!" Wakacheka, wakachota.

Siku ya tatu watu wakaanza kuanguka. Kuhara kama maji ya mchele, kutapika, macho kuingia ndani. Kwa siku nne walifika ishirini na sita, wote waliokuwa wamekaa kilioni. Kituo cha afya kiliwapokea kwenye mikeka na kuwatundikia serumu. Kipimo cha haraka cha kolera kilikuwa kimeisha. Vinyesi vikapelekwa maabara, na majibu ya maabara yana mwendo wake. Siku ya tano akafa mmoja wao, Destin, mwashi wa miaka thelathini na minne, mwenye kifua kama mlango wa kanisa.

Destin na Bintu walikuwa wamegombana mwezi mmoja kabla, kuhusu mtaro wa maji kati ya parseli zao. Mdogo wake Destin, Hervé, hakuhitaji zaidi ya hilo.

"Ni karuho," alisema kwenye kaburi, na neno likapanda ngazi za mtaa kabla yetu.

Karuho ni sumu ambayo hakuna aliyewahi kuiona, lakini kila mtu kwetu anamjua aliyekufa nayo. Wanasema huwekwa katika kinywaji. Wanasema anayeiweka ana dawa yake, ndiyo maana anaweza kuonja bila kuumia. Hivyo kikombe alichokunywa Bintu ili kutuondolea shaka kikageuka ushahidi dhidi yake. Mtu akisema hii ni kolera, alijibiwa kwamba kolera hukamata avenue nzima, haichagui waliokwenda kilioni. Hervé na vijana wenzake walimpa Bintu mpaka Jumamosi, siku ya kumaliza kilio cha Destin. Akiwa bado ndani ya nyumba siku hiyo, nyumba itawaka naye.

Nyumba yenyewe ni ya mbao. Na Bintu ana miaka sitini na nane, mguu mmoja mbovu, na hana mtoto aliye hai.

"Nitaenda wapi?" aliniuliza juu ya ukuta. "Nyangezi walishagawana shamba. Huku niko na hii nyumba tu."

Nikainama kung'oa majani chini ya ukuta.

Emérence alianza uchunguzi wake Jumatatu. Alivaa gileti yenye maandishi mgongoni, akabeba tablette, akazunguka nyumba kwa nyumba: waliougua ishirini na sita, au ndugu zao waliojibu kwa niaba yao, na wazima arobaini na saba waliokuwa kilioni pia. Ulikula bugali? Ulikula majani ya sombe? Samaki wa sambaza? Ulikunywa kasiksi? Nyumbani mnatumia maji gani?

Alifika na kwangu. Aliketi kwenye kigoda, akanisomea maswali kwa adabu, kama hanijui.

"Ulikunywa kasiksi, Muzee?"

"Sikunywa," nilisema.

Aliandika.

Nieleze uongo huo, maana si wangu peke yangu. Kama kasiksi ilikuwa na karuho, na mimi nimeinywa na ninatembea, basi mimi nina dawa. Kama nina dawa, nilijua. Kila mzima aliyekunywa alifanya hesabu hiyo kichwani kabla ya swali kumalizika. Na wagonjwa walifanya hesabu ya upande wa pili: kama sikunywa, nimeugua nini? Hata wasichana wawili wa kwaya, ambao kanisa lao limewakataza pombe, mama zao walijibu: "Alikunywa kidogo, bila shaka. Angeugua nini ingine?"

Jumanne jioni nilimsikia Docteur Cyprien kwenye simu, spika imefunguliwa.

"Emérence! Wagonjwa ishirini na sita kwa ishirini na sita walikunywa, wazima sifuri kwa arobaini na saba! Unataka nini tena? Wengine wanamaliza mafunzo bila kuona jedwali zuri kama hili. Andika, nitumie kesho."

"Docteur, ni nzuri kupita."

"Namna gani?"

"Sijawahi kuona batu banajibu bila kukosea ata mara moja."

"Wewe uko na bahati, unaikataa. Kesho."

Simu ikakatika. Alitoka, akaketi kwenye ngazi yangu na daftari.

"Muzee, Bintu alileta bidoni ngapi?"

"Nane."

"Zilirudi na kitu?"

"Kilio cha Gracien kirudishe pombe? Zilirudi kavu."

Akaandika. "Lita mia moja na sitini. Gawanya kwa ishirini na sita. Kila mumoja lita sita na zaidi. Na ndani yao kuna batoto babili ba miaka kumi na moja." Aliinua macho. Hakunitazama mimi, alitazama ukuta. "Iko batu walikunywa na wakaniambia buongo. Bengi. Na kama nikituma hii karatasi, Hervé ataipata. Itakuwa na muhuri ya Serikali. Nitakuwa nimewasha kiberiti miye mwenyewe."

Nilisema ninasikia baridi, nikaingia ndani.

Asubuhi ya Jumatano alipiga hodi. Hakuwa na gileti, alikuwa amevaa kitenge na kujifunga kitambaa kichwani kama mwanamke yeyote wa mtaa.

"Muzee, ile nyungu ya marehemu maman, unaweza kuniazima? Naomba ziwe mbili."

Nyungu za mke wangu hazikuwa zimetoka rafuni miaka kumi na miwili. Nikamwuliza za nini.

"Ya kupikia bukweli," akasema, na kwa kuwa alisema hivyo bila kucheka, nikampa.

Aliweka nyungu moja katika chumba kitupu cha kituo cha afya kwa wagonjwa, na nyingine katika chumba chake mwenyewe kwa wazima, zimefunikwa kwa kitambaa chenye tundu. Kila mtu alipewa haragi moja na punje moja ya mahindi. Aliyekunywa kasiksi anaangusha haragi, asiyekunywa anaangusha hindi, na inayobaki anaimeza au anaitupa chooni, shauri lake. Anaingia peke yake. Hakuna jina, hakuna tablette. Kwa mgonjwa asiyeweza kusimama, pazia lilivutwa na nyungu ikapelekwa kwenye mkeka wake, na ndugu wakatolewa nje.

Watu walicheka, lakini walikuja. Mchezo wa maharagi walikuwa wanauelewa kuliko tablette.

Niliingia zamu yangu. Chumba kilinukia sabuni. Nilisimama mbele ya nyungu ambamo mke wangu alikuwa akichemsha viazi. Nikaangusha haragi. Hindi nililitia mfukoni.

Alihesabu mchana kwenye meza yangu, mbele ya mjumbe wa kituo. Wagonjwa ishirini na watano, bila Destin: maharagi kumi na tano, mahindi kumi. Wazima arobaini na saba: maharagi thelathini na matatu.

"Muzee," alisema polepole, "batu thelathini na tatu walikunywa na hawana kitu. Kumi hawakuigusa na wanaugua. Kasiksi haiko."

"Basi ni nini?"

Alifungua daftari lake, akautazama ukurasa wa maswali, akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Niliuliza maji ya nyumbani," akasema. "Nyumbani kila mutu iko na jibu lake. Maji ya kilioni sikuuliza ata mumoja."

Alitoka mbio bila kuvaa bote.

Kuhusu maji hakuna aliyemdanganya, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameyashuku. Wanawake waliopika na kugawa walimkumbushia mtu kwa mtu. Jumatano hiyohiyo alichukua maji yaliyobaki katika pipa langu, na maji ya chemchemi yenyewe, akayapeleka maabara kwa miguu yake na kukaa mlangoni. Docteur Cyprien alipiga simu mara nne. Mara ya tano binti alikuwa amerudi chumbani, akapokea, na nilimsikia kupitia ukuta akisema: "Docteur, kama unanitoa kwa mafunzo, nitoe. Lakini ile jedwali sitaitia sahihi." Sauti ya docteur ikasema, chini kuliko kawaida yake: "Nitumie hesabu za maharagi."

Alhamisi alikuja kwangu kabla hajaenda kwa mtu yeyote. Aliketi chini, mkekani, ingawa kigoda kilikuwepo. Nikajua ni habari mbaya.

"Papa," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Wagonjwa ishirini na nne kwa ishirini na sita walikunywa maji ya pipa. Wazima ni tisa tu. Vinyesi vimejibu: ni kolera. Na maji ya chemchemi iko na uchafu ya choo. Nyumbani batu banaichemsha, pale kilioni walikunywa mabichi."

"Chemchemi ipi?"

"Ya bondeni."

Nilimwambia nimeyanywa maji hayo miaka sitini. Nilimwambia kwamba alipokuwa hajazaliwa, wala baba yake hajaoa, maji hayo yalikuwa yanamtibu mtu homa. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika.

Alisubiri nimalize. "Siku hizi unayanywa mabichi?"

"Siku hizi nakunywa chai."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu tumbo lilipoanza kunisumbua."

"Mwaka gani, Papa?"

Nikahesabu miaka kwa vidole. Ulikuwa mwaka ule walipokata miti ya mlima juu ya bonde na kujenga nyumba moja juu ya mgongo wa nyingine.

"Hama chumba changu," nilisema.

Akainuka, akapiga goti kidogo kama wasichana wa zamani walivyofanya, akatoka. Nilimsikia akivuta sanduku la madaftari.

Ijumaa saa nane mchana chef wa avenue aliita watu katika uwanja wake. Bintu aliketishwa kwenye kiti cha plastiki katikati, mguu wake mbovu umenyooshwa mbele, mikono katika mapaja. Hervé alisimama na vijana kama kumi na watano. Emérence alikuwa na nyungu zote mbili miguuni. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chetu, bila neno moja la darasani. Watu thelathini na watatu walikunywa kasiksi ile na wako wazima.

"Bako wapi?" Hervé akauliza.

"Siwezi kusema. Ata miye siwajui. Njo maana ya nyungu."

"Maharagi haina mulomo!" Hervé alipaza sauti, na vijana wakapiga kelele. "Unatuletea chakula, unasema ni bashahidi! Mutu asimame hapa aseme: miye nilikunywa. Mumoja tu! Iko?"

Hakuna aliyesimama. Niliwatazama wazee watatu tuliokunywa nao kikombe cha kwanza. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Emérence hakunitazama, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu angeweza. Alijua. Alikuwa amejua tangu aliponiuliza idadi ya bidoni.

Bintu alisema, si kwa mtu yeyote: "Nilionja mbele yenu."

Nilisimama. Magoti yalilia, watu wakageuka.

"Mimi nilikunywa," nilisema. "Vikombe vitatu. Binti huyu alinihoji nikamdanganya, kwa kuogopa watoto niliowaona wakizaliwa."

"Muzee Léopold, basi na weye uko na dawa!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Dawa ninayo ya mgongo, njoo nikupake."

Wengine wakacheka, kicheko cha woga. Mzee wa kiatu akainuka. "Miye mbili," alisema. "Na kidogo." Kisha mke wa katekista akainuka, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na kelele zikawa za aina nyingine. "Moja tu!" alisema. "Nilikuwa na kiu!" Wakasimama watano, wanane, sikuhesabu zaidi. Chef wa avenue mwenyewe alinyoosha mkono bila kuinuka kwenye kiti.

Hervé alibaki amesimama peke yake na macho mekundu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita aliyezika kaka aliyemlea.

"Sasa nani aliua Destin?" aliuliza. Sauti haikuwa ya ugomvi tena. "Muniambie basi. Nani?"

Emérence alifungua kinywa. Niliona anatafuta njia ya kulizunguka pipa langu, na sikutaka anizungukie.

"Maji," nilisema. "Maji ya pipa langu. Mimi ndiye niliyeyaleta, na nikajisifu."

Hervé alinijia hatua mbili. Emérence akaingia kati yetu, yeye na mwili wake mdogo na kitenge chake.

"Yeye alileta maji," alimwambia. "Uchafu hakuuleta. Nilipanda juu ya chemchemi jana, nikahesabu vyoo. Iko kumi na tisa, vyote vinashuka mule. Cha chef iko mule. Cha kituo cha afya iko mule, Hervé, pale tunapokaa tunawaponya batu! Na cha kwenu iko mule, kile Destin alijenga mwaka jana. Utachoma nyumba ngapi?"

Hervé alitazama mlima. Sote tuliutazama. Mabati yalikuwa yanang'aa kwa mvua ya asubuhi, moja juu ya jingine, mpaka kwenye mawingu. Kisha akaketi chini pale pale kwenye udongo, akalia kama mtoto, na Bintu, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, akanyoosha mkono akamshika kichwa.

Chemchemi ilifungwa wiki hiyo kwa miti na waya, na mtu wa kutia klorini akawekwa kwenye njia ya ngazi na meza yake na sindano yake, akidondoshea dawa katika kila bidoni inayopita. Kolera iliishia watu thelathini na mmoja. Hakufa mwingine. Emérence aliyapeleka maharagi yake Kinshasa katika chupa ya kioo, akayaweka mezani mbele ya wakubwa wa mafunzo, na cheti alipewa. Docteur Cyprien alikuja mwenyewe kutuonyesha picha. Sasa Emérence ndiye anayesoma fomu za Jumatatu za mkoa, na wanasema anapiga simu, hata kwa kituo cha mbao cha Kamituga.

Sanduku lake la madaftari lilifika Ijumaa ile mpaka kwenye geti langu, na halikutoka. Nililikuta pale, nikalirudisha ndani mimi mwenyewe, kwa shida, na hatujalizungumza.

Mimi bado naililia ile chemchemi. Maji yenye klorini yana ladha ya ofisi. Najua kilichomo bondeni, lakini kujua hakunipunguzii kiu.

Lakini nilitaka kusema kuhusu Jumamosi ile, siku ya kumaliza kilio cha Destin, siku ambayo nyumba ya Bintu ilikuwa iwake. Tuliketi katika uwanja wa Hervé bila kujua la kufanya na mikono yetu, kwa sababu hakuna kinywaji kilichokuwa kimeagizwa. Saa tisa Bintu akatokea kwenye ngazi, anachechemea, na mtu nyuma yake amebeba bidoni moja. Aliketi, akamimina kikombe cha kwanza, akakinywa mbele yetu mpaka chini, taratibu, akakigeuza tuone kimekwisha. Akamimina cha pili, akamnyooshea Hervé.

Hervé alikipokea kwa mikono miwili. Kilikaa mikononi mwake muda mrefu.

"Subiri," Emérence alisema kutoka mlangoni.

Uwanja wote ukaganda. Bintu aligeuza kichwa polepole.

"Hivi vikombe," Emérence akauliza, "vimeoshwa na maji gani?"

"Ya kuchemsha, binti yangu," Bintu akasema. "Nilijua uko unakuja."

Hervé akanywa.